Wafalme wa Jaipur na Hoja za Mjomba

Aghalabu watu wetu wa pwani waendao India kutafuta matibabu hurejea makwao wakiwa hawakuona ila hospitali na duka la dawa. Kwa hiyo Mjomba, aliyekuja Delhi kutolewa mtoto wa jicho, alipopewa ruhusa na tabibu wake kwenda atakako maadamu atajikinga na vumbi (nami nadhani tabibu hakuambiwa kwamba safari ni ya Rajasthan), niliona ni aula tuitumie fursa hiyo kuuzuru Jaipur, mji ulioasisiwa na Maharaja Sawai Jai Singh wa Pili mwaka 1727, ulio mwendo wa saa nne au tano kwa gari la moshi. Ili wazee, yaani Mjomba na Mkazamjomba, wapate shauku, jioni katika chumba chetu cha kupanga nikawa nawasimulia habari za wafalme wa mji ule, na kila mfalme niliyemtaja, Mjomba alimchukua akamfanya shahidi wake dhidi yangu.

Mushkeli wa kwanza ulikuwa saa. Tiketi ilionyesha kwamba gari litaondoka 06:05, na Mjomba, kwa jicho lake jipya alilolipa kazi ya kusoma kila kitu hata vibandiko vya chupa za dawa, akasoma kwa sauti: "Saa sita na dakika tano. Vyema, tutakunywa chai kwa nafasi." Nikamweleza kwa adabu kwamba hiyo ni saa kumi na mbili na dakika tano alfajiri. Akaitazama saa yake ya mkono, ambayo tangu tuondoke Unguja hajaigusa, kwani ataka kujua wakati wote nyumbani wanafanya nini, akapunguza zile saa mbili na nusu ambazo India imetutangulia, kisha akaniangalia kwa huruma.

"Mwanangu, hiyo ni saa tisa na nusu ya usiku. Mtu mwenye heshima zake hapandi chombo saa hiyo."

Nilipomwambia kwamba reli ya India nzima hufuata saa moja, na saa hiyo si ya Unguja, akaniuliza kama si mimi niliyemsifia Jai Singh usiku wa jana. Kwa hakika nilimsifia: mfalme yule alikuwa bingwa wa ilmu ya falaki, aliyezipitia hesabu za Ulugh Beg wa Samarkand, na kwa kuwa aliziona ala za shaba ni ndogo na hulegea kwa kutumika, akajenga zake kwa mawe na chokaa, na iliyo kubwa kuliko zote, Samrat Yantra, ni saa ya jua yenye kimo cha mita 27 hivi, ambayo kivuli chake waweza kukiona kikitambaa, kiasi cha milimita moja kila sekunde. Nayo, kwa kuwa hulipima jua la Jaipur penyewe, haipatani na saa ya serikali.

"Umeona?" akasema Mjomba. "Mfalme mzima hakuikubali saa ya watu."

Nikamkumbusha kwamba mfalme alifariki mwaka 1743, na reli ya abiria ilianza India mwaka 1853.

"Ndiyo maana," akajibu, "akapata wasaa wa kujenga."

Ikafuata ikhtilafu ya maji. Mjomba alikuwa amekwisha kujaza dumu la lita ishirini kutoka kwenye bomba la hospitali, akalifunga kitambaa mdomoni, na hakutaka kusikia kwamba maji ya chupa huuzwa kila stesheni. Hoja yake alikuwa nayo tayari, nayo, kama zilizotangulia, ilitoka kinywani mwangu: mwaka 1902 Maharaja Madho Singh wa Pili, alipoalikwa London kutawazwa kwa Mfalme Edward wa Saba, alichukua melini maji ya mto Ganges katika mitungi mikubwa ya fedha, ambayo miwili kati yake imesimama hadi leo katika kasri la Jaipur, kila mmoja una kimo cha mita 1.6 na uzito wa kilo 345 ukiwa mtupu. Mjomba akauliza, kwa sauti ya mtu aliyedhulumiwa, kama dumu la plastiki ndilo litakaloizamisha reli.

Mkazamjomba hakuwa na hoja, alikuwa na sharti. Alisikia kwamba Hawa Mahal, iliyojengwa mwaka 1799, ina madirisha madogo 953 yaliyowawezesha wanawake wa kasri kutazama yaliyojiri barabarani pasipo kuonekana, akaniuliza jambo moja tu: pana pa kukaa? Maana yeye, akishafika hapo, hataondoka mpaka magharibi. Ngome ya Amber nikaifuta katika ratiba.

Siku ya kuamkia safari, orodha ya abiria ikatoka. Tiketi zetu zilikuwa za kungoja nafasi, na wazee, alhamdulillahi, walipata vitanda vyao kamili. Mimi, kwa desturi ya reli ya huko, nilipewa nusu, yaani nimeruhusiwa kupanda, lakini kitanda kimoja nitakikalia pamoja na abiria nisiyemjua. Mjomba akafurahi sana.

"Nusu ya pili tutaweka dumu."

"Mjomba, nusu ya pili ina mwenyewe."

Akafikiri, huku akilikaza kitambaa mdomoni mwa dumu.

"Huyo naye atashikwa na kiu," akasema. "Mwambie maji ni ya wote, atatupisha."