Madigadi Orijino au ya Kukata? Mwongozo wa Mwenye Gari wa Majoreni

Masika yakiingia kusini mwa Kwale, watu wa Majoreni hugawanyika makundi mawili: wenye magari na wenye kanzu. Wa kwanza hutoka nyumbani wamekaa, wa pili hutoka wamepiga pasi, na wote hukutana ubavuni mwa dimbwi. Mwongozo huu ni wa wenye magari. Umeandikwa na mwenye kanzu.

Tuelewane kwanza. Madigadi ninayoisema si lile bati la juu ya gurudumu. Ni kile kipande cha raba au plastiki kinachoning'inia nyuma ya tairi kama ulimi wa mbwa aliyechoka kukimbia. Kazi yake ni kupokea tope na vijiwe ambavyo tairi hurusha nyuma, visikwangue bodi yako wala kumfikia bodaboda anayekufuata. Mtu wa mjini anaweza kukiita pambo. Sisi tukishaacha lami ya Likoni kwenda Lunga Lunga tunashuka kuelekea baharini, kwenye udongo, mikoko na hewa ya chumvi, na huko gari lisilo na madigadi ni kama mtu aliyetoka bila shuka.

Hatua ya kwanza: Inama utazame kama unayo

Wengi hawajui. Magari yetu mengi hufika bandari ya Mombasa kutoka Japani yakiwa yameshatumika, mradi hayajapita miaka minane. Chukua Probox. Toyota waliitoa mwaka 2002 iwe gari la mizigo ya duka na ofisi. Huku kwetu imepanda cheo: ni basi, ni lori la samaki, ni gari la wagonjwa, na Jumamosi hufungwa maua ikabeba bibi harusi. Sasa, huko ilikotoka, madigadi mara nyingi huuzwa kando kama achari. Anayetaka huongeza pesa. Kwa hiyo usishangae ukiinama na kukuta patupu. Ukikuta moja tu, ya kulia, usishangilie pia. Ya kushoto iko kwenye jiwe fulani, na aliyerudi kinyumenyume bila kutazama unamjua.

Hatua ya pili: Ukiamua orijino, ogopa neno "kabisa"

Madigadi ya kiwandani ina sifa zake. Imepimwa kwa gari lako, imefuata mviringo wa bodi, na tundu zake hukutana na tundu ambazo gari lilizaliwa nazo. Fundi anahitaji bisibisi, skrubu na klipsi, basi, hatoboi kitu. Lakini nunua ya gari lako, si ya binamu yake. Probox ilibadilishwa sura mwaka 2014, na ya kabla ya hapo usiilazimishe kuvaa nguo za mdogo wake. Ya mbele si ya nyuma, ya kulia si ya kushoto.

Muuza spea atakuambia, "Bosi, hii ni orijino kabisa." Orijino haina haja ya "kabisa". Igeuze utafute namba ya spea iliyochapwa kwenye plastiki yenyewe, kisha iweke kwenye ukingo wa bodi kabla hujatoa pesa. Ikikaa bila kubembelezwa, ni yake.

Ina kasoro pia. Ni fupi, ni ngumu, na iliundiwa gari lenye kimo cha Japani. Wewe umeshaweka spesa na matairi makubwa ili upite mitaroni, kwa hiyo madigadi imebaki juu kama suruali ya mtoto aliyekua ghafla.

Hatua ya tatu: Ukiamua ya dukani, mwambie fundi apumue

Hii ndiyo ile inayouzwa kwa maneno "inaingia gari lolote". Shati linaloingia mtu yeyote halijamkaa mtu yeyote. Hata hivyo ni rahisi, ni pana, na ikiwa ni ya raba laini huvumilia kuliko plastiki ya kiwandani.

Tatizo ni keekee. Kabla hujamaliza kumsalimu, fundi ameshatoboa tundu nne. Kila tundu ni bati lililovuliwa rangi mbele ya bahari, na kutu ya pwani haina haraka: huanza doa, ikaalika jamaa, ikahamia. Dawa yake ni ndogo sana, ndiyo maana hakuna anayeitumia. Paka rangi ukingo wa kila tundu, ikauke, ongeza grisi, kisha funga kwa skrubu isiyoshika kutu.

Halafu kata usukani mpaka mwisho, kulia na kushoto, uone kama tairi linagusa. Mwisho jaza gari. Usilipime likiwa tupu, kwa sababu hapa Majoreni gari tupu ni gari bovu. Lipime likiwa na abiria, magunia, na yule mama wa mwisho aliyeambiwa "sogeeni kidogo".

Hatua ya nne: Ukiamua ya kukata, heshimu tairi

Tairi kuukuu lililompa babu akala linaweza kukupa madigadi. Fundi huchukua kisu kikali, maji ya sabuni na subira, akatoa mbili kwa bei ya nauli. Lakini raba ya tairi ni nzito na ndani yake mna nyaya za chuma. Zikichomoza, zitachana miguu ya watoto wanaosukuma gari lako lililokwama. Ukiiacha ndefu, siku utakayorudi nyuma tairi litaikanyaga, nayo itaondoka na kipande cha bampa, kama kumbukumbu.

Hatua ya tano: Kuhusu zile nyekundu

Kijana wako atataka nyekundu, kama za magari ya mashindano. Mweleze kwa upole. Safari Rally ilianza mwaka 1953, wakati wa kutawazwa kwa Malkia Elizabeth II, magari yakizunguka Kenya, Uganda na Tanganyika. Gari la mashindano huvaa raba pana na laini kwa sababu changarawe ya mwendo ule hupiga bodi kama risasi, na raba laini ikigonga jiwe hujikunja, ikarudi. Hilo ndilo la kuiga: ulaini. Rangi haizuii tone hata moja. Kama lazima iwe na urembo, iandikie maneno, kama kanga. Anayekufuata atapata cha kusoma.

Hatua ya sita: Jaribio la kanzu

Hapa naomba radhi, maana nina kisa. Jirani yangu aliusikiliza mwongozo huu wote kwa mdomo kabla haujaandikwa. Akafunga orijino, nne, hakuna tundu lililotobolewa, usukani ukakatwa kotekote. Ijumaa, karibu na adhuhuri, akanipita njiani nikienda msikitini. Nilifika nimekuwa kanga. Namaanisha yule ndege wa madoa.

Jioni nilimwendea. "Ami," akaniambia kabla sijafungua kinywa, "si wewe uliyenichagulia?"

Sikuwa na jibu, mpaka nilipokwenda kulitazama lile dimbwi. Madigadi hukinga kinachorushwa nyuma. Maji ya dimbwi yakikanyagwa na tairi hupasuka ubavuni, na ubavuni ndiko watu wanakotembea. Huko haifiki ya kiwandani, haifiki ya dukani, wala haifiki ya tairi la babu.

Kwa hiyo nunua uipendayo. Bodi yako na bodaboda watashukuru. Lakini sisi wa kando ya njia tunakingwa na kifaa kimoja tu, kisichouzwa dukani, kisichohitaji keekee, na ulichokuja nacho kutoka kiwandani. Ni mguu wako wa kulia, ukihama kutoka kwenye mafuta kwenda kwenye breki.

Hiyo, bosi, ndiyo orijino kabisa.