Sifa za Bi Mkubwa

Wenye magari husifu magari yao, na mwenye ng'ombe hachoki kuwataja kwa majina. Mimi nina kompyuta ya mezani. Naomba nami zamu yangu. Ipo konani mwa steshenari yangu Tandika, ubavu mmoja wazi ili ipate hewa, na wateja wameibatiza Bi Mkubwa. Prosesa ni Core 2 Duo, uzao wa 2008. Ramu GB 2.

Nianze na usalama. Wezi walipovunja mlango mwaka juzi walibeba feni, rimu tatu za karatasi na chaja ya simu. Yeye walimtazama tu.

Asubuhi nikimwasha hulia: piii, kimya, piii. Maana yake ramu haijakaa sawasawa. Naichomoa, nasugua meno yake ya rangi ya dhahabu kwa ufutio wa penseli, nairudisha mpaka vishikizo viseme "ta!" pande zote mbili. Hapo anaridhika. Kisha ananitaka nibonyeze F1, kwa kuwa ile betri ya duara iliyo tumboni mwake, CR2032, ilishakufa, na umeme ukikatika saa yake inarudi 1 Januari 2008. Mtaa mzima tunazeeka, yeye anazaliwa upya. Nikisahau kurekebisha tarehe, intaneti inagoma: vyeti vya usalama vya tovuti, kwa hesabu yake, bado havijaanza kutumika. Mzee mmoja aliondoka na barua ya kuomba kazi ya ulinzi yenye tarehe hiyo. Aliporudi kulalamika nilimwambia ashukuru, hakuna mwombaji atakayemtangulia kwenye foleni.

Na ukarimu je? Flashi za wanafunzi anazipokea zote, hamwulizi mgeni ametoka wapi wala amebeba kirusi gani. Windows 7 yake iliachwa bila apdeti tangu 14 Januari 2020, kwa hiyo hanikatizi kazi kuniambia nisubiri asilimia zijae. Kuchelewa kwake kuna baraka pia. Kwenye benchi langu, watu wakimngoja afungue Word, vyumba viwili vimepata wapangaji na posa moja imepata mshenga.

Fundi wangu haoni uzuri huu. "Bosi, tutoe hadi diski tuweke SSD, tumwongezee na ramu." Kwenye SSD, nakiri, ana hoja. Hadi diski ni sahani inayozunguka mara 7,200 kwa dakika huku kisindano kikihangaika kutafuta faili. SSD haina kinachozunguka. Waya wa SATA ni uleule, na siku mashine ikikata roho unaichomoa unaondoka nayo. Ramu ndiyo mtego. Bi Mkubwa anatumia DDR2, ambayo haiingii kwenye mashine ya DDR3 wala ya DDR4, kwa hiyo hela utakayoitia humo utaizika naye. Na umvishe upendavyo, Windows 11 haimpokei: inataka prosesa ya juzijuzi na chipu ya usalama ya TPM 2.0, asiyokuwa nayo.

Muuza kompyuta za mtumba Kariakoo yeye hataki matibabu, anataka nimletee Bi Mkubwa mke mwenza. Nilikwenda kumwona huyo binti. Mwembamba, kimya, anawaka kabla hujavuta kiti. Nilimkagua nikakosa la kusema, nikaishia kuuliza bei. Nilipoisikia, nikakumbuka fadhila zote za Bi Mkubwa kwa mpigo.

Basi nimeamua. SSD nanunua, kwa kuwa nitahama nayo. Ramu sinunui. Betri ya saa nilishanunua tangu Jumatatu, ipo kwenye droo, ila kila nikishika bisibisi mteja anaingia. Mwenye barua ya haraka awahi kabla ya saa nne, na tarehe ya leo aje nayo kichwani.