Sifa za Faili Lililopotea

Wapo wanaowasifu marais, wapo wanaosifu ng'ombe wa Ankole kwa urefu wa pembe. Mimi nalisifu faili la polisi lililopotea. Toka Rwekubo uingie makazi yote ya wakimbizi ya Nakivale, kisha upande gari hadi Mbarara mjini, hutakuta mtumishi wa umma mwenye haya kama hilo. Wakubwa wote wanapenda kuonekana, lenyewe halitaki.

Kuzaliwa kwake ni kwa heshima zote. Umepigwa usiku, au kadi ya familia imeibiwa, unafika kaunta. Afande anakusikiliza, anaandika, anakukatia kipande cha karatasi chenye namba ya SD, yaani ya daftari la matukio la kituo. Itunze sana namba hiyo, maana wengi hawapati kumbukumbu nyingine. Ukirudi, faili liko kwa mpelelezi. Mpelelezi yuko kozi. Akitoka kozi, amehamishwa. Labda lilipelekwa kwa mwanasheria wa serikali. Kwa mwanasheria wanauliza lililetwa na nani. Kuja kesho.

Watu wa haraka huita hii usumbufu. Mimi naiita elimu ya watu wazima. Bila faili hilo, mama wa Kikongo anayeuza samaki wa sambaza sokoni angejuaje kwamba wilaya yetu ya Isingiro ilimegwa kutoka Mbarara mwaka 2005, na kwamba ofisi moja inaweza kumtuma kwenye nyingine, na hiyo nyingine ikamrudisha? Ameisoma ramani ya utawala kwa nauli yake mwenyewe.

Tena faili hili lina sheria mkononi. Ibara ya 41 ya Katiba ya Uganda ya mwaka 1995 inampa raia haki ya kupata taarifa zilizo mikononi mwa serikali. Bunge likatunga Sheria ya Kupata Taarifa mwaka 2005, ikaanza kazi Aprili 2006, miaka kumi kabla Kenya na Tanzania hazijapata za kwao. Unaandika ombi kwa afisa wa taarifa wa taasisi husika, unalipa ada ya shilingi 20,000 iliyowekwa na kanuni za 2011, unangoja siku 21. Na zikipita bila jibu? Hapo ndipo ninapovua kofia. Sheria inasema afisa aliyenyamaza ahesabiwe kuwa amekataa. Kumbe ule ukimya wa kaunta tuliokuwa tukiulaumu ni uamuzi kamili, na unaweza kuukatia rufaa kwa Hakimu Mkuu, kama una wakili, na kama una nguvu zilizobaki.

Sheria hiyohiyo imelikumbuka hata faili letu. Rekodi ikitafutwa kwa juhudi zote za haki isionekane, afisa anatakiwa kumpa mwombaji kiapo cha maandishi kueleza hivyo. Fikiria hadhi hiyo! Faili likiwepo, hakuna anayeliapia. Likipotea, linastahili kiapo. Sijui mtu Nakivale aliyewahi kukishika kiapo cha namna hiyo, lakini kukosekana kwake nako ni unyenyekevu wa ukoo.

Wasiolipenda watasema faili lililoonekana lina faida. Wawaulize waandishi wawili wa Daily Monitor walioiomba serikali mikataba ya mafuta. Mikataba haikuwa imepotea, ilijulikana ilipo. Walikwenda mahakama ya Nakawa mwaka 2009, na 2010 wakashindwa. Hakimu aliona hawakuthibitisha kwamba faida ya umma ingezidi madhara. Mtu anatakiwa aeleze faida ya karatasi ambayo hajaruhusiwa kuisoma. Heri la kwetu lililopotea, halimpi mtu mtihani mgumu namna hiyo.

Niseme ukweli kidogo, ingawa unaharibu sifa. Kuna mafaili yanayostahili kufichwa. Mtu aliyekimbia Burundi au Kivu na bado anatafutwa hataki maelezo yake yasomwe na kila apitaye, na msichana aliyejaziwa fomu ya polisi namba 3A baada ya kubakwa hataki hata kidogo. Sheria inalijua hilo, na imeweka kinga kwa faragha na usalama wa watu. Ila faili lililopotea limeipita sheria kwa wema: linamlinda mlalamikaji hata dhidi ya mlalamikaji mwenyewe. Akilihitaji kwa kesi mahakamani, au kwa maofisa wanaompangia kuhamia Kanada, linamwepusha na kumbukumbu zake chungu.

Sifa yake kubwa nimeiweka nyuma, kama nyama kwenye sahani. Ile haki ya mwaka 2005 ni ya raia. Mkongo, Mrundi, Msomali na Mwethiopia wa Nakivale, hata aliyezaliwa hapa na wazazi waliozaliwa hapa, hawamo. Makazi haya yamepokea wakimbizi tangu mwishoni mwa miaka ya 1950, na sheria ile haijawaona bado. Faili lililopotea haliulizi kadi ya taifa. Mnyankole mwenye shamba lake la ndizi na Mrundi anayelima kwa kukodi wanasimama kaunta moja, wanaambiwa kuja kesho ileile. Usawa kama huo hamtaupata kwenye foleni ya mgao.

Kwa hiyo nawasihi wabunge wa Kampala wasije wakafuta neno "raia" kwenye sheria hiyo wakaandika "mtu". Wataliaibisha faili letu. Jirani zetu wa Rwanda, nchi iliyotuletea wakimbizi wa kwanza wa Nakivale, walitunga sheria yao mwaka 2013 na haki hiyo wakampa kila mtu.