Mwongozo wa Kuwa Fundi wa Kucha Nyeri Bila Kumkwepa Mteja Sokoni

Weka simu chini kwanza. Zile kucha ndefu zenye vipepeo na mawe yanayometameta, ambazo umekesha ukizitazama, zilibandikwa mtu ambaye kesho yake hakuamka saa kumi na moja kukama ng'ombe. Wewe unajifunzia Nyeri. Watakaoketi mbele yako Jumamosi ni mwalimu kutoka Mukurweini, mama wa Chinga anayechuna majani chai asubuhi na kwenda ruracio, sherehe ya mahari, mchana, na msichana wa Chuo Kikuu cha Dedan Kimathi aliyejibana wiki nzima apate pesa za jeli. Wote wanataka kupendeza, na wote wana haki hiyo. Kwa hivyo kabla hujafungua chupa yoyote, uliza: "Mami, kesho unaamkia kazi gani?"

Mchuna chai hukwanyua majani mawili na chipukizi kwa kidole gumba na cha shahada, siku nzima. Ukimbandikia tipsi ndefu hapo, zitang'oka kabla ya saa nne, na kijiji kizima kitajua ni nani aliyezibandika. Mpe kucha fupi za mviringo, nyekundu ya kumfanya kasisi apoteze mstari. Atarudi, tena na dada zake.

Sasa shika mkono wenyewe. Baridi ya Julai ikibana, huku kila mtu hujipaka Arimis, mafuta ya kukamulia ambayo watu na ng'ombe hugawana. Ngozi huyapenda, lakini jeli haishiki juu yake. Mteja ataapa kwamba amenawa. Mwamini, kisha umpanguse: kitambaa kisichoacha nyuzi, asetoni kidogo, kila ukucha mpaka kwenye pembe. Sukuma ngozi ya shina la ukucha polepole kwa kijiti. Utaona utando mweupe, mwembamba, umeng'ang'ania juu ya ukucha. Huo ndio unaobandua jeli siku ya tatu, wala si ubaya wa chupa uliyonunua. Ukwangue bila kugusa ngozi hai, halafu pitisha bafa kwa mkono mwepesi, uondoe mng'aro tu. Na lile beseni la maji moto ambalo kila mteja huliomba kwa sababu ya baridi, liwekee miguu. Ukucha hunywa maji ukavimba. Ukiupaka jeli ungali umelowa, utasinyaa ukikauka na jeli itaachia. Mpe mteja kikombe cha chai akishike, vidole vitapata joto.

Baridi huingia hata kwenye chupa. Jeli huwa nzito, akriliki huchelewa kushika. Ipashe chupa moto kwa viganja na upake tabaka nyembamba. Ukirundika jeli ili umalize haraka, itachemka ndani ya taa, na mteja atachomoa mkono kwa ukelele utakaofika stendi ya matatu. Stima ikipotea katikati ya kazi, usikisie kwamba imekauka. Taa ya kuchaji inunuliwe kabla ya kiti kizuri.

Kwenye akriliki nitakuwa mkali. Kucha hizi zilitokana na meno: mwaka 1954 daktari wa meno wa Marekani, Frederick Slack, alivunjika ukucha, akauziba kwa akriliki ya kazini kwake. Baadaye wateja wengi waliumizwa na kemikali iitwayo MMA, mpaka miaka ya 1970 mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani ikaenda mahakamani kuondoa sokoni bidhaa za kucha zilizokuwa MMA tupu. Ukiletewa chupa isiyo na lebo, bei ya kutupa, harufu ya kuvunja pua, na kucha zake hazilainiki kwa asetoni, irudishe ilikotoka. Mlango wa matatu ya Karatina ukimbana mteja wako, MMA haivunjiki. Kinachong'oka ni ukucha wake.

Tupa uliyomsugulia mmoja isiende kwa mwingine. Vyuma visuguliwe kwa sabuni na brashi kwanza, ndipo viloweshwe dawa, maana dawa haipenyi uchafu. Ukikuta doa la kijani chini ya tipsi, usilifunike kwa rangi nyeusi. Mara nyingi ni bakteria waliopata unyevu. Vua, acha ukucha ukauke, umwelekeze mteja hospitali. Shosho akija kwa pedikyua, muulize kama ana kisukari kabla hujagusa wembe. Akiwa nacho, usikate wala usikwangue ngozi ya miguu yake hata akikusihi. Kidonda kidogo hapo kinaweza kumgharimu mguu.

Mimi fundi simpimi siku anapobandika. Nampima siku anapovua. Kazi ni pamba, asetoni, karatasi ya foili, na dakika kumi na tano au zaidi za kupiga gumzo. Asiye na subira hubandua kwa nguvu, na tabaka za ukucha huondoka na jeli. Ukucha wa mkono hukua kama milimita 3 kwa mwezi, kwa hivyo haraka yako ya dakika tano mteja ataitazama kwa nusu mwaka.

Haya hayafundishwi na video. Kaa kando ya fundi mzuri, Nyeri, Nanyuki au Kerugoya, ufagie, utazame, uwaombe shangazi zako mikono. Ukiiva, uliza kuhusu mtihani wa ufundi wa NITA, mamlaka ya kitaifa ya mafunzo ya viwanda, uanzie daraja la III. Mzazi akisema hiyo si kazi, msimulie ya mwaka 1975: mwigizaji Tippi Hedren alimleta fundi wake wa kucha katika kambi ya wakimbizi karibu na Sacramento, na wanawake 20 wa Vietnam wakafundishwa. Leo sehemu kubwa ya biashara ya kucha Marekani iko mikononi mwa Wavietnam.

Bei iandike ukutani, ya kuvua ikiwemo, maana ndiyo kazi ngumu kuliko zote. Na binamu yako atakayesema "nitatuma jioni", msomee namba ya till kabla hujamshika kidole.