Mwenye Kukata Kapewa Mlinzi

Dunia imeingiwa na homa ya kinga. Chupa ya dawa ina kifuniko cha kumshinda mtoto, na kinamshinda babu pia. Bodaboda wana kofia ngumu, inalinda usukani kwa kuwa ndiko inakoning'inia. Kila kifaa kipya kinakuja na karatasi ya maonyo ndefu kuliko kifaa chenyewe. Mimi nilidhani kisu kimesalimika na mambo haya. Makali huku, mpini huku, mtu mzima ashike anapopajua. Kumbe na kisu nacho kimefikiwa.

Nina mpwa anafanya kazi Muscat. Kila likizo huja kwetu Makorora, hapa Tanga, na zawadi na hotuba, na mwaka hadi mwaka zawadi zinapungua, hotuba zinaongezeka. Safari hii kaleta kisu cha porini. Bapa jeusi tititi, mgongoni meno ya msumeno, mpini wa mpira mzito, na kwenye kitako cha mpini kumechomekwa dira. Dira! Mtu wa Makorora apotelee wapi? Ukipinda vibaya sana utaibukia Ngamiani, na huko barabara zina namba, hata mgeni wa jana atahesabu mpaka afike.

Lakini alichokuwa akijivunia yeye si dira. Baina ya bapa na mpini kulikuwa na kipande cha chuma kimetokeza juu na chini. "Hiki ni kikingio cha vidole, mjomba," akaniambia, kwa sauti ile ya mtu aliyemaliza semina. "Kisu kisicho na hiki ni hatari. Hivyo mlivyonavyo humu ndani, vyote vya kutupa."

Vyote! Kisu cha mboga, cha machungwa, cha nyama, na panga la uani linalotuhudumia tangu yeye anatambaa.

Mke wangu wakati huo yuko uani anamenya muhogo, na naomba nieleze kidogo, maana asiyewahi kumtazama mwanamke wa pwani akimenya muhogo hana haki ya kuzungumzia usalama wa visu. Kwanza anaukata vipande vya shibiri moja moja. Anachora ganda kwa ncha, mstari mmoja kutoka juu hadi chini. Kisha analaza makali ndani ya ule mstari, dole gumba linabana ganda kwa nje, kiganja kinazunguka taratibu, na ganda lote linavuka kwa pamoja, limejikunja, ndani lina wekundu wa mbali. Kidole cha shahada muda wote kimekaa juu ya mgongo wa kisu, kinakiambia pa kwenda. Kitunguu ndiyo usiseme. Kinashikwa mkononi, kinachanjwa huku, kinachanjwa kule, kisha kinakatwa kuelekea dole gumba, vipande vinadondokea sufuriani. Kibao cha kukatia tunacho, tulizawadiwa harusini. Kinafunikia mtungi.

"Hebu jaribu hiki, mama," mpwa akamwambia, akimgeuzia mpini kwa adabu. Hapo simlaumu, kalelewa.

Mama wa watu akakipokea. Akataka kukiweka kidole cha shahada pale kinapokaa siku zote, chuma kikamkatalia. Akarudi nyuma kidogo, sasa mkono uko mbali na kazi, muhogo unakatwa kwa kubahatisha. Akakigeuza upande wa pili, meno ya msumeno yakamsalimia. Akakirudisha. "Hiki cha kupigania, mwanangu. Mimi na muhogo hatujagombana."

Na mimi sina la kuongeza juu ya hapo, isipokuwa nina safu ya kujaza.

Kikingio si kitu cha kijinga. Kina kwao. Kwenye upanga kipo ili upanga wa adui ukiteleza usije ukala vidole vyako. Kwenye kisu cha kuchomea kipo kwa sababu ncha ikigonga mfupa kisu kinasimama ghafla, mkono unaendelea na safari, na mbele yake kuna makali. Marekani walikuwa na mtu akiitwa James Bowie, aliyejipatia sifa mwaka 1827 katika ugomvi wa visu na bastola kwenye fungu la mchanga la Mto Mississippi. Baada ya hapo visu vya jina lake vikafuliwa kwa wingi, vingi vikiwa na kikingio kipana. Sawa kabisa. Mtu ana maadui, ajikinge. Ila ukikiingiza chombo cha namna hiyo jikoni, inabidi kwanza utafute mchicha wenye uhasama.

Tena tuulizane, kinalinda mkono upi? Ule ulioshika mpini. Haya, nenda kaangalie makovu ya watu. Muuza machungwa akikufunulia viganja, alama ziko mkono wa kushoto, uliokuwa umelishika chungwa. Muuza madafu kalipakata dafu kiganjani, panga linashuka kwa kishindo sentimita chache kutoka kwenye vidole vyake, na vidole hivyo havina hata uzi wa kuvikinga. Mke wangu ana kovu moja, dole gumba la kushoto. Huo mkono wa kulia unaowekewa vyuma hauna kesi yoyote mahali popote. Mwenye kukata kapewa mlinzi, mwenye kukatwa kaachiwa Mungu.

Kwa visu vya jikoni hasa, wenzetu wenye vile vikubwa vya mpishi walilimaliza jambo hili bila kelele. Bapa linashuka chini kuliko mpini, kwa hiyo kidole kikitaka kuteleza kinakutana na kisigino cha kisu kinakomea hapo. Na ungeweka chuma pale chini, makali yasingekifikia kibao.

Mpwa alipoona jikoni kashindwa, akakimbilia porini. "Basi tuseme nje, mjomba. Porini lazima."

Porini kwetu ni wapi? Ni shamba la Pongwe, ni michungwa ya Muheza, na huko mtu anakwenda na panga. Fyeka, chimba, chonga, pasua, panga halina kikingio, na likiteleza huwa linatafuta muundi wa mguu. Mlinzi wa Kimasai anayekesha nje ya duka ana sime kiunoni, ala nyekundu, mpini mnyoofu, hakuna chuma cha kupingamiza. Mgema ndiyo kabisa. Anapanda mnazi na kotama yake kiunoni, anafika juu, anajibanza kwenye makuti, anapara kishada kwa wembamba wa karatasi ili tembo lizidi kutona. Kotama haina kikingio. Anachokiogopa mgema ni ardhi.

Akaniambia hizo ni za kienyeji, Ulaya wameendelea. Sasa hapo alinigusa. Ufini, nchi ya misitu na baridi ya kung'oa masikio, wana kisu chao cha asili kinaitwa puukko. Wanachongea, wanachunia, wanaparia samaki nacho, na kwa jadi hakina kikingio, mpini na bapa basi. Jirani zao wa Mora, kule Uswidi, wanatengeneza aina zote mbili, na kile chenye kikingio ndicho wanachowapa vijana wanaojifunza. Nikamwambia mpwa wangu, basi usihuzunike, kumbe kuna wa rika lako.

Nikaongeza kwamba nchi inayomlipa mshahara imeweka jambia kwenye bendera tangu 1970, na yeye alitazame vizuri siku moja. Mpini wake mpana juu, mpana chini, mwembamba kiunoni. Mkono ukishika hapo katikati hauna pa kutelezea. Mafundi wa zamani walijua kwamba ukiuchonga mpini vizuri, chuma cha ziada hakina kazi.

Mnoa visu alipopita mtaani nikampelekea kile cha porini, kwa ubishi tu. Kaisimamisha baiskeli kwenye stendi, kauhamishia mkanda kwenye jiwe, anapiga pedeli, cheche zinaruka. Kila alipokaribia mpini chuma kinagonga jiwe, tak, tak. Akasimama. "Mzee, hapa nyuma jiwe halifiki. Nitakunolea mbele, nyuma patabaki butu. Ukizidi kukinoa kitafanya bonde." Nikamuuliza na haya meno ya mgongoni? "Hayo mpelekee seremala."

Hata hivyo, nisije nikaonekana mbishi wa kuzaliwa. Nenda soko la samaki la Deep Sea asubuhi mashua zikishusha, wasimamie wapara samaki. Pale mikono ni maji, ute na magamba mtindo mmoja. Anamlaza kolekole, anamchoma chini karibu na mkia, anasukuma kisu mbele kuelekea kichwani, na kikikwama kwenye mfupa, naam, hapo mkono unaweza kuteremka kweli. Lakini tazama mipini yao. Wameizungushia tyubu ya baiskeli, bidhaa ambayo mji wetu haujawahi kuishiwa, na pale mpini unapokutana na bapa wameacha fundo nene. Hicho ni kikingio, na hakina dira. Visu vya machinjio vya kiwandani navyo vina mpini wa plastiki wenye mdomo uliotokeza, kwa sababu ile ile, mafuta na damu. Na Idi Kubwa, binamu wa mjini wanaposhika visu mara moja kwa mwaka kuchuna mbuzi, mimi ningeruhusu kikingio mpaka kwenye kiwiko.

Siku za kawaida, hatari ziko kwingine kabisa, na hazizungumzwi na mtu. Kisu kimetupwa kwenye karai la vyombo, povu limekifunika, anayekuja kuosha anatumbukiza mkono. Vinauzwa visu vya dukani vyenye mpini laini kama sabuni, misumari yake inaregea kabla mwezi haujaandama. Na butu. Nyumba nzima visu butu, mtu anakamua nguvu zote juu ya nyanya, nyanya inakwepa, kisu kinashukia kilichopo. Ukikinoa, siku ya pili kuna mtoto anachongea penseli, wa pili anabandulia barafu ya friji, na jirani kashafika kibarazani: "Hodi, naomba kisu mara moja." Mara moja hiyo inachukua siku tatu, kinarudi kimefungua kopo la rangi.

Basi kwa hilo zawadi ya Muscat imetufaa. Mpwa karudi kazini, kisu chake tumekitundika karibu na mlango, na kila anayekuja kuazima anapewa hicho, na vikingio vyake vyote. Jirani kakaa nacho wiki nzima. Juzi kakileta, ncha hakuna, dira imeng'oka, na yeye ndiye kanuna, ati tulimpa kisu kisichokata.