Kikao cha Vyombo Baada ya Ibada

Jumapili, saa nane mchana. Waumini wametawanyika, mlango umepigwa kufuli, bati linalia kwa jua. Ndani ya kanisa wamebaki wasio na nyumba nyingine ya kwenda: Spika, aliyenunuliwa kwa harambee ya mwaka jana, Kikapu cha sadaka, Benchi la nyuma, Biblia kubwa ya mimbarini, na Mjusi Kafiri ukutani, ambaye hajakosa ibada hata moja na bado hakuna anayemhesabu kuwa muumini. Nje, kwenye mwembe, linaning'inia Rimu la lori, ndilo kengele ya hapa.

SPIKA: Bwana asifiwe! Bwana asifiwe tena!

BENCHI: Amina, mwanangu, lakini punguza. Watu wameshakwenda kula.

SPIKA: Samahani bibi, ni mazoea. Leo mchungaji alikuwa moto! Luka 18, mjane na kadhi dhalimu. Zaidi ya saa nzima. Neno "vumilia" amelipiga mpaka koni yangu inawasha.

BIBLIA: Mfano wenyewe una aya nane.

MJUSI: Nilikuwa juu, niliona vizuri. Safu ya mbele walikuwa wanatikisa vichwa, ya katikati wanajipepea, ya nyuma wanasinzia kwa zamu.

BENCHI: Mmoja hakusinzia. Yule mama mjane anayekaa kwangu, pembeni kabisa, karibu na mlango. Alikuja na bahasha ya khaki ndani ya mfuko wa nailoni, akaikalia ibada nzima. Cheti cha kifo cha mumewe kimo humo, na barua ya kijiji yenye mhuri, na wito wa baraza. Shemeji yake amechukua shamba, ekari mbili zenye mihogo iliyokwisha komaa.

KIKAPU: Kumbe ndiye yule! Nilipita kwake, akanipitisha kwa jirani mikono mitupu. Nikasema moyoni, mama huyu hajui siri ya kupanda mbegu.

BIBLIA: Siri gani, Kikapu?

KIKAPU: Bibi, hata wewe? Mpanzi! Thelathini, sitini, mia. Ukinipandia elfu kumi, kwa mara mia hiyo ni milioni moja. Hesabu za Mungu hizo.

BIBLIA: Fungua Luka 8, aya ya 11. Mbegu ni neno la Mungu. Mifano aliyoifafanua Yesu mwenyewe haizidi vidole vya mkono mmoja, na huu umo. Mwenye mfano amesema maana yake, wewe umetafuta nyingine yenye noti. Halafu kuna aya ya 15, ambayo sijaisikia ikisomwa hapa tangu nilipowekwa: udongo mzuri huzaa kwa kuvumilia. Mathayo na Marko wana mpanzi huyohuyo, lakini kuvumilia kumeandikwa na Luka peke yake. Hiyo ndiyo ingefaa kwa mahubiri ya leo. Lakini haina harambee.

MJUSI: Mavuno ya mara mia mimi nimeyaona. Yanaitwa Spika.

SPIKA: Mjusi, heshima!

KIKAPU: Haya, mpanzi tuachane naye. Senti mbili za mjane je, mwanzo wa Luka 21? Aliyetoa riziki yake yote akasifiwa. Usiniambie na ile si yangu.

BIBLIA: Ni yako, lakini inua macho ukasome mstari ulio juu yake. Sura ya 20, aya ya 47. Pale wanakemewa walimu wa sheria wanaokula nyumba za wajane na kusali sala ndefu ili waonekane. Mara baada ya hapo ndipo anaingia mjane na senti zake mbili. Kati yao kuna nini? Namba tu. Na namba Luka hakuandika. Za sura ziliwekwa karne ya 13, za aya za Agano Jipya alizitia mchapaji Mfaransa, Robert Estienne, mwaka 1551. Wahubiri wakaona namba wakadhani ni ukuta. Kila mwaka, Jumapili ya mavuno, wanaanzia 21:1.

MJUSI: Kwa hiyo mtoaji anasifiwa, na aliyekula nyumba yake amebaki upande wa pili?

BIBLIA: Upande wa pili, akishika orodha ya ahadi.

(Kimya. Kutoka nje, sauti nzito.)

RIMU: Hodi humo ndani. Nimewasikia.

BENCHI: Karibu, babu. Shikamoo.

RIMU: Marahaba. Nyie mnajua ya ndani tu, mimi ni wa mwembeni, yanayosemwa baada ya "amina" ya mwisho yananifikia. Mama alipotoka leo, shemeji yake alimfuata hapa chini yangu. Unajua ni nani? Mzee wa kanisa, aliyekaa mbele. Akamwambia, kwa upole kabisa, "Shemeji, hukulisikia neno la leo? Vumilia. Futa kesi, tuyamalize kifamilia."

MJUSI: Loo! Mahubiri hayajapoa, keshayageuza fimbo.

RIMU: Mimi nikipigwa nondo nalia, ndiyo kazi niliyopewa, na kijiji kizima kinakuja. Mama yeye akipigwa anaambiwa anyamaze.

SPIKA: Lakini jamani, tumtendee haki mchungaji. Si mtu mbaya. Kipindi cha mafuriko alivuka mto kwa miguu kwenda kuombea mgonjwa. Na aya ya kwanza ya Luka 18 inasema wazi kwamba mfano ule ni wa kusali bila kukata tamaa. Nimeisoma mimi mwenyewe, kwa sauti ya juu kabisa.

BIBLIA: Umesema kweli, na mchungaji nampenda. Kuna vilio visivyo na kadhi. Mama anayemuuguza mtoto miezi sita hana baraza la kushitaki ugonjwa. Huyo ukimshika mkono ukamwambia avumilie, umempa chakula. Lakini tazama Yesu alichagua nini alipotaka kufundisha sala. Angeweza kumchukua mtu aliyetulia kivulini. Akamchukua mjane mwenye kesi, anayekwenda kwa kadhi, anafukuzwa, anarudi. Kule Luka 11 akamchukua jirani anayebisha usiku wa manane kwa ajili ya mikate mitatu. Wasumbufu wote wawili! Kadhi alimpa mjane haki yake ili apate kupumua tu. Uvumilivu wa mama yule ulikuwa miguuni. Ninyi mmeuhamishia mdomoni, mkaufunga.

BENCHI: Na huyu wetu hajaombwa kutenda muujiza. Kwenye bahasha kuna karatasi nyingine, imekunjwa mara nne, ya Sheria ya Ardhi ya Vijiji, namba 5 ya mwaka 1999. Imepigwa mstari kwa kalamu nyekundu pale panaposema mwanamke ana haki ya kupata, kumiliki na kutumia ardhi sawasawa na mwanamume.

SPIKA: Mchungaji angejua hayo...

RIMU: Anajua. Shemeji ndiye aliyechangia mfuko wa kwanza wa saruji ya mimbari.

MJUSI: Bibi, mfano unaishaje? Mimi hulala sadaka ikianza.

BIBLIA: Unaishia kwenye swali. Mwana wa Adamu atakapokuja, ataiona imani duniani? Mchungaji leo aliishia aya ya 7. Muda wa Kikapu ulikuwa umefika.

KIKAPU: Mnanionea. Haya, nina matangazo ya wiki tumboni, wameyasahau humu. (Anasoma.) "Jumanne, saa 3 asubuhi, semina ya wazee wa kanisa. Mada: Uvumilivu Katika Majaribu. Msemaji..." Eh. Ni shemeji.

BENCHI: Jumanne, saa 3 asubuhi, ndiyo saa iliyoandikwa kwenye wito. Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya.

MJUSI: Kwa hiyo mdaiwa hatafika.

BENCHI: Ataandika udhuru: yuko kwenye kazi ya Bwana. Ni mara ya tatu. Mama atakwenda.

KIKAPU: Na nauli ataipata wapi, mtu asiye na hata sarafu ya sadaka?

BENCHI: Nauli ya wilayani ni elfu nne, kwenda na kurudi elfu nane. Alikuwa nazo leo, kwenye fundo la khanga, ulipopita mbele yake.