Mkopo Usio na Riba

Nikitaja kitabu darasani, macho ya wanafunzi wangu yanahamia kwenye simu. Usidhani wanakitafuta kitabu. Wanatafuta muhtasari: wahusika, dhamira na majibu ya mtihani. Juzi kijana mmoja, mwenye adabu zake kabisa, aliniomba muhtasari wa muhtasari, maana ule wa kwanza umezidi kurasa kumi.

Mwaka 1965 mwandishi Taban lo Liyong aliwachokoza watu kwa kulalamika kwamba Afrika Mashariki imekumbwa na ukame wa fasihi. Waandishi walimkasirikia, kisha wakaandika mpaka rafu zikajaa. Sasa nani atalalamika juu ya ukame wa wasomaji? Mimi, bila shaka, na kwa mshahara uleule.

Nilihamia Katunguru, Uganda, nikitafuta utulivu wa kusoma. Utulivu gani? Malori ya mpakani Mpondwe yanavuka daraja usiku kucha, na viboko wanatoka Mkondo wa Kazinga kuja kula majani chini ya dirisha langu. Asubuhi ni zamu ya majirani. Kwao, profesa ni mtu wa kusomea wengine karatasi. Tangu sheria ya wanyamapori ya 2019 ilipoweka utaratibu wa fidia, mwenye shamba lililoharibiwa ananijia na peni mkononi. Mtu mzima niliyezeekea kwenye ushairi, sasa natunga maelezo ya tembo aliyemaliza mihogo.

Basi nikakimbilia mwaloni na *Mabepari wa Venisi*, tafsiri ya Nyerere ya 1969 ya tamthilia ya Shakespeare, niandae somo huku mitumbwi ikisubiriwa. Sikufika mbali. Mama mmoja muuza samaki, anayepeleka mzigo Bwera na kufanya biashara na Wakongo kwa Kiswahili, alitaka kujua kinachonikunjisha uso. Nikamsomea.

"Huyo Antonio ameweka rehani gani?"

Nikamwambia mali yake yote imo melini, na meli zote ziko baharini.

"Zote? Hakubakiza hata mtumbwi mmoja nchi kavu?"

Niliendelea. Mkopeshaji, Shylock, anatoa dukati elfu tatu kwa miezi mitatu; zisiporudi, anakata ratili ya nyama ya mdaiwa.

"Na riba?"

"Hakuna riba, mama."

Akaweka kisu chini, ngege akabaki na magamba nusu. "Mzee, mtu anayekuchukia anakukopesha pesa zote hizo bila riba, nawe unatia sahihi? Huyo Antonio hakuwa na mke wa kumshika mkono?"

Nimesahihisha insha za tamthilia hiyo hadi macho yakaingia ukungu, na sikumbuki mwanafunzi aliyesimama hapo kwenye riba. Wote wanakimbilia ratili ya nyama, kwa kuwa ndiyo iliyoandikwa kwa wino mzito kwenye muhtasari.

Simsifu mno huyu mama. Tulipofikia maneno ya Portia kuhusu huruma, mahali ninapopapenda kuliko pote, aliniambia niruke, wateja wanakuja. Alichotaka ni hukumu. Nikamsomea hukumu, damu isimwagike hata tone. Akauliza huyo mwanasheria kijana ametoka wapi. Nikamweleza kwamba ni Portia mwenyewe aliyejigeuza mwanamume, mke wa Bassanio, na Bassanio ndiye aliyekopewa zile pesa.

"Mke wa mtu aliyekula pesa ndiye anayeamua kesi?"

"Ndiyo."

"Basi irudiwe!"

Wavuvi wawili waliokuwa wakikunja nyavu wakaunga mkono. Mmoja alipendekeza rufaa isikilizwe Kasese, mwingine akasema huko Kasese Shylock atakuta foleni.

Nilirudi nyumbani na hasira za msomi aliyepitwa, nikaliweka swali la riba kwenye mtihani. Kabla wino haujakauka, habari zikavuja kama kawaida yake, na kiranja wa darasa akanipigia simu kwa heshima zote: "Profesa, jibu liko ukurasa wa ngapi wa muhtasari?"

Nikashuka mwaloni kujiliwaza kwa samaki. Zamani nilikuwa nachukua na kulipa mwisho wa mwezi, na mama hakuwahi kunidai. Safari hii alinitazama kuanzia viatu mpaka miwani, akamwambia binti yake asifunge kitu mpaka pesa ionekane mezani, kwani mzee huyu anajua vitabu vya madeni.